Aliyefungua Geti

Mtu wa kwanza kufa katika Jurassic Park haonekani hata kwa dakika tano. Ni usiku, majani ya miti yanatikisika, vibarua wenye kofia ngumu wamejipanga mbele ya kreti kubwa la chuma lenye mnyama ndani. Mkuu wa ulinzi anatoa amri: panda juu, inua geti. Kibarua anapanda. Mnyama anajipigiza, kreti linarudi nyuma, kibarua anateleza, anaanguka, anadakwa, anavutwa ndani huku mkuu wa ulinzi amemng'ang'ania na kupiga kelele mnyama apigwe risasi. Mkono unachomoka mkononi. Mara tunajikuta Jamhuri ya Dominika, kwenye machimbo ya kaharabu, ambako mwanasheria mwenye suti anavushwa mto kwa chelezo huku akilalamika: familia ya yule kibarua imefungua kesi ya dola milioni 20, na mwenye mradi hana hata muda wa kuonana naye. Kesi inawatia wasiwasi wawekezaji, wawekezaji wanataka wataalamu waende kukagua kisiwa, wataalamu wakifika ndipo mambo yanaanza. Marehemu amemaliza kazi yake.

Waulize walioiona filamu hiyo ya Steven Spielberg ya mwaka 1993, ya bustani ya dinosau. Wengi watakutajia maji yanayotetemeka ndani ya bilauri, au wale watoto wawili waliojificha jikoni huku wanyama wakinusa kati ya meza. Mimi nimekulia Issenye, wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, na hadi leo ninayemkumbuka ni aliyefungua geti. Sijidai kuwa na huruma kuliko wenzangu. Nadhani ni suala la upande gani wa uzio umekaa unapotazama.

Filamu za kutisha na za maafa zinazotokea kwenye viwanja vya burudani zina ukoo mrefu. Carnival of Souls ya mwaka 1962 ilitumia jumba la starehe lililotelekezwa kando ya ziwa la chumvi huko Utah. Katika Rollercoaster ya 1977 kuna mtu anatega mabomu kwenye vile vitreni vya reli vinavyopanda hadi juu na kuporomoka. Katika Jaws 3-D ya 1983 papa anaingia kwenye bustani ya maji ambamo watu wamelipa waone samaki nyuma ya kioo. Final Destination 3 ya 2006 inarudi kwenye reli ileile ya kuporomoka, safari hii bila mhalifu. Ni kifo chenyewe kinachodai watu wake. Zote zinasimama juu ya mkataba mmoja. Hofu unayouziwa hapa imepimwa: umefungwa mkanda, fundi amekagua nati, uzio una umeme, saa mbili usiku utakuwa nyumbani unakula. Ukiukaji wa mkataba huo ndio filamu.

Kwetu hakukuwa na mkataba wa namna hiyo, kwa sababu hakukuwa na viwanja. Bembea tuliyoijua ilikuwa kamba kwenye mti, na fundi wake alikuwa mtoto mkubwa kuliko wote. Filamu, hata hivyo, zilifika. Banda letu la video lilikuwa la mabati, ndani limezungushiwa magunia ili jua lisichungulie. Jenereta lilifungwa nyuma, mbali kidogo, lakini lilishiriki katika kila picha. Hata wapenzi wakinong'onezana, lilikuwepo linanguruma. Kiingilio kilikuwa shilingi mia mbili. Mwenye mia moja aliruhusiwa kukaa chini, mbele kabisa, chini ya televisheni ya kichogo, akatazama shingo juu kama kuku anayekunywa maji.

Na picha zilikuja zimetafsiriwa. Vijana wa leo wanaosoma maandishi chini ya kioo cha simu hawajui walichokosa. Kazi hiyo ilianza kushamiri Uganda, ambako mtafsiri aliketi na kipaza sauti akisimulia juu ya sauti ya filamu. Kwetu Tanzania aliyevuma zaidi alikuwa Kapteni Derek Mukandala, Lufufu kwa jina la kazi, ambaye hata Titanic aliisimulia upya. Kenya wana DJ Afro. Hawa hawatafsiri kama mkalimani wa mahakamani. Wanaongeza, wanapunguza, wanamtania muigizaji, wanamwonya, wanamtungia mama mkwe. Nakala ya Jurassic Park tuliyoitazama ilikuwa ya mtafsiri ambaye sikupata kumjua. Alimpa kibarua wa getini jina, akamwita Juma, na kabla hajapanda juu ya kreti akamfanya anung'unike kwamba mshahara wa mwezi uliopita hajaupata, na huu wa sasa umeshafika tarehe 20. Kwenye filamu ya Kiingereza hakuna maneno hayo. Nimeitazama baadaye mara nyingi, na kila mara nayasikia.

Kanuni ya banda ni kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Mtoto wa miaka saba anaijua. Unapoingia umechelewa, swali la kwanza unalomuuliza jirani yako ni steringi nani, ili ujue moyo wako uuweke wapi bila hasara. Juma hakuwa steringi, hilo lilikuwa wazi tangu alipopewa kofia. Lakini yule mtafsiri, kwa sentensi moja ya mshahara, alituchanganya: tukajikuta tumeuweka moyo mahali ambapo filamu haikukusudia, na kwa saa mbili zilizofuata, wakati wataalamu wanapanda magari na wajukuu wa mwenye mali wanakimbizwa, kuna watu mle bandani walikuwa bado wanauliza kama familia ya Juma imelipwa.

Mle kisiwani kuna mtu mwingine tuliyemhesabu kuwa wa kwetu. Mwenye mradi, John Hammond, anapomtambulisha mkuu wa ulinzi kwa wageni, anasema ni askari wa wanyamapori aliyemtoa Kenya. Anaitwa Robert Muldoon, aliyeigizwa na Mwingereza Bob Peck, kaptula ya kaki, kofia, bunduki. Mtu wa mwambao wa Kosta Rika, kilipo kisiwa hicho cha hadithi, hawezi kujua, lakini sisi tunaokaa mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kenya tunamfahamu huyo bwana tangu enzi za wajomba zetu. Ndiye peke yake kisiwani anayewaogopa wale wanyama kwa kiwango kinachostahili. Anasema wauawe wote. Hasikilizwi, na mwishoni anafia porini akimvizia mmoja wakati mwingine yuko ubavuni mwake. Askari mzoefu kushtukiwa na mnyama kutoka ubavuni, hilo hata kwetu hutokea.

Hapa inabidi nieleze tunakoishi. Waissenye ni jirani na ndugu wa Wanata na Waikoma. Lugha zetu zinasikilizana. Ni wakulima, wafugaji na, kwa karne nyingi, wawindaji. Wazee wanapoeleza chimbuko la watu wetu wanataja Nyeberekira, mahali ambapo leo pako ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951 na ina kilomita za mraba 14,763. Mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, upande wetu huu. Kwa hiyo kati ya mahindi na nyumbu pana mstari, na mara nyingi mstari huo ni jiwe lililopakwa rangi.

Tembo hajali jiwe lililopakwa rangi. Huja mahindi yanapoanza kukomaa, na huja usiku. Watu wanaotazama filamu hudhani mnyama mkubwa kiasi kile atatetemesha ardhi, maji yacheze ndani ya bilauri. Sivyo. Nyayo zake ni laini na anajua kunyata. Aliyeketi juu ya dungu, blanketi mabegani, tochi mapajani, kwa kawaida anachosikia kwanza ni bua la mhindi kukatika, kisha la pili, kisha kishindo cha tumbo linalosaga chakula, karibu sana. Akiwasha tochi anaona ukuta wa kijivu na jicho moja linalong'aa. Hapo ndipo madebe yanapopigwa, watoto wanaamka, mbwa wanabweka kutoka mbali kwa busara zao. Wengine wamezungushia shamba kamba ya katani yenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili, na kwa siku kadhaa inasaidia, mpaka mvua ioshe. Wengine huchoma pilipili iliyokandwa na kinyesi cha tembo mwenyewe, moshi upelekwe na upepo, ikiwa upepo umekubali. Asubuhi unahesabu mistari iliyobaki.

Kisiwani kwa Hammond mabango ya uzio yaliandikwa volti 10,000. Uzio ulizimwa na fundi wa kompyuta aliyeona analipwa kidogo, akataka kuiba viinitete akauze kwa kampuni nyingine. Mle bandani hatukuona ajabu yoyote. Mtu halipwi vizuri, geti linabaki wazi. Ndiyo habari ya kila ghala.

Wakati sisi tunapiga madebe, kuna mahali jina letu linauzwa kwa tiketi. Bustani ya Busch Gardens, Tampa, Florida, ilifungua mwaka 1965 eneo lililopewa jina la tambarare za Serengeti, likiwa na twiga na pundamilia. Mwaka 2011 ikaongeza kitreni cha kuporomoka kinachoitwa Cheetah Hunt, abiria wanarushwa kwa kasi wajihisi ni duma anayewinda. Ujerumani, karibu na Hodenhagen, ipo Serengeti-Park tangu mwaka 1974. Unaendesha gari kati ya simba, ukimaliza unapanda bembea. Wajerumani walilipenda jina hilo kabla ya hapo, nadhani kwa sababu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ambao filamu yao ya kusema Serengeti isife ilitoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar. Michael hakuiona ikishangiliwa. Januari ya mwaka huohuo ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia iligongana na tai, naye akafa. Hata filamu ya kuwaokoa wanyama ilidai mtu.

Lakini bingwa wao ni Disney. Tarehe 22 Aprili 1998 kampuni hiyo ilifungua huko Florida bustani ya Animal Kingdom, na ndani yake kijiji kizima cha Kiswahili cha kubuni kinachoitwa Harambe, kuta zimechubuliwa makusudi zionekane za kale kama za Lamu, mabango yana maneno ya Kiswahili. Kutoka hapo mgeni anapanda lori la wazi kwenda safari ya Kilimanjaro. Wanyama ni wa kweli. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa na kisa: katikati ya njia redio inaita, majangili wamemshambulia tembo jike na kumchukua mwanawe, lori linaombwa lisaidie kuwafukuza. Gari linatikisika, daraja linajifanya kukatika, majangili wanakamatwa, mtoto wa tembo yuko salama, mgeni anashuka amefaidi hofu yake na wema wake kwa tiketi moja. Baadaye kisa hicho kiliondolewa, wageni wakabaki na wanyama tu.

Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaanza kuhesabu ndugu. Jangili wa kijiji cha Harambe hana uso wala ukoo. Jangili wa upande wetu ana jina, ana madaftari ya watoto ya kununua, na babu yake alichimba mashimo ya kunasa nyumbu kabla mtu yeyote hajachora mpaka. Leo akikutwa na kipande cha nyama ya porini anaweza kusomewa shtaka la uhujumu uchumi. Wapo vilevile majangili wa pembe za ndovu wenye silaha za kivita na matajiri nyuma yao; hao siwatetei, na walioua tembo kwa maelfu katika miaka ya 2010 walitumaliza hata sisi tusiokula nyama yake. Nasema tu kwamba kwenye mchezo wa Florida wote ni mtu mmoja, na mtu huyo anafukuzwa na familia iliyokuja likizo.

Ukitaka kuona jinsi bustani hizo zilivyounganishwa na nchi hii, tafuta Hatari! ya mwaka 1962. Howard Hawks aliipiga Arusha na viunga vyake, John Wayne akiwa mkuu wa genge linalokamata wanyama kwa ajili ya bustani za ng'ambo. Wanamfukuza kifaru kwa lori, mtu ameketi kwenye kiti kilichofungwa pembeni ya bodi, ameshika mti wenye kitanzi. Halafu tazama The Lost World ya 1997, mwendelezo wa Jurassic Park, pale wanaume wenye magari na miti ya vitanzi wanapokamata mijusi wakubwa uwandani kuwapeleka Marekani. Asiyeona udugu wa filamu hizo mbili amelala. Vifaru walipanda meli kweli, na katika Hatari! hakuna anayeuliza nani alikuwa anasukuma kreti.

Nirudi kwa Juma na dola milioni 20. Hapa nchini, mnyama akimwua mtu, familia hupewa kinachoitwa kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kiwango cha shilingi milioni moja kwa kifo. Mazao yakiliwa kuna kifuta jasho, ambacho kwa kanuni hizo hakikuzidi shilingi laki moja kwa ekari, na aliyelima karibu mno na mpaka hakustahili chochote. Serikali imeeleza mara nyingi kwamba hiyo si fidia, ni rambirambi. Wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi wamelisemea jambo hilo bungeni mwaka baada ya mwaka, kwamba viwango ni vidogo na malipo yanachelewa. Sitaki kulifanya hili kuwa hotuba. Tembo ni mali ya taifa na fedha za utalii zinajenga mambo mengi, sehemu nyingine hata madarasa ya kwetu. Nataka tu msomaji aweke hizo namba mbili mezani, milioni 20 za dola kwenye filamu na milioni moja ya shilingi kwenye kanuni za 2011, kisha aniambie ipi ni hadithi ya kubuni ya kisayansi.

Aliyeandika riwaya ya Jurassic Park, Michael Crichton, alishawahi kulisogelea suala hili la wanaofanya kazi nyuma ya burudani miaka 20 kabla ya filamu hiyo. Mwaka 1973 aliandika na kuongoza Westworld: bustani ya watu wazima ambako kwa dola 1,000 kwa siku unaishi katika mji wa bandia wa wachunga ng'ombe na kuwapiga risasi watu wa mashine. Mashine zinaharibika, Yul Brynner mwenye macho ya fedha anaanza kuwaua wageni kikweli. Wengi wanaikumbuka kwa huyo. Mimi nakumbuka chumba cha mitambo. Chini ya mji ule kuna mafundi wenye makoti meupe, ndio wanaokusanya mashine zilizokufa kila usiku na kuzirudisha asubuhi. Wanapojaribu kukata umeme ili kuzuia maafa, milango ya chumba chao inagoma kufunguka, na hewa inakwisha. Wanakufa wamekaa vitini, mbele ya vioo vyao, bila kuguswa na mashine yoyote. Hakuna jini, hakuna damu, ni mlango tu uliogoma kufunguka.

Tanzania tunaujua mlango huo. Sikukuu ya Idd el Fitr, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wa Tabora walikwenda disko toto kwenye ukumbi mmoja mjini humo. Walikuwa wengi kupita uwezo wa chumba. Wakakosa hewa, wengine wakakanyagwa, na jioni ya sikukuu wazazi walikuwa hospitalini wakitafuta watoto waliowavalisha nguo mpya asubuhi. Walikufa karibu 20. Nchi za wenye viwanja vikubwa nazo zina orodha yao. Luna Park ya Sydney, mwaka 1979, treni ya mizimu iliungua wakafa watu 7, sita kati yao watoto. Mwaka 1984, kwenye bustani moja ya New Jersey, nyumba ya kutishia watu iliwaka moto na kuua vijana 8. Zilikuwa nyumba zilizojengwa ziogofye, zenye giza la makusudi na njia za kuzunguka-zunguka, na yote hayo yakausaidia moto. Sijui filamu ya kutisha inayoweza kusimama mbele ya hayo. Labda ndiyo maana watengenezaji hupendelea mizimu: mzimu hauna leseni ya biashara inayoweza kukaguliwa.

Za kwetu za kutisha, tukisema kweli, hazikuhitaji viwanja. Mussa Banzi alipoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Nsyuka, kisha Shumileta, hofu aliitoa makaburini na baharini, kwa mfu asiyetulia na jini anayependa binadamu. Mtazamaji wa Issenye alizielewa bila mtafsiri. Wala hakuna aliyewalipa wale viumbe ili waje. Walikuja kudai chao. Ndiyo tofauti ninayoiona kati ya kutisha kwa Kibongo na kutisha kwa viwanja vya Marekani. Huku mzimu anadai deni. Kule mteja anadai huduma aliyolipia.

Imebaki filamu moja, na ambaye hajaiona aruke aya mbili zijazo. Ni Us ya Jordan Peele, ya mwaka 2019. Inaanza mwaka 1986 kwenye viwanja vya burudani vya ufukweni Santa Cruz, California. Mtoto wa kike anawaponyoka wazazi wake, anaingia peke yake kwenye nyumba ya vioo, na humo anakutana na mtoto ambaye si kivuli chake kwenye kioo, ni yeye mwenyewe. Akiwa mtu mzima anaigizwa na Lupita Nyong'o, naye pacha wake wa kutisha anaigizwa na Lupita huyohuyo. Sisi wa Mara tulikuwa na sababu ya ziada ya kuitazama: Wajaluo wa baba yake Kisumu ni ndugu wa Wajaluo wa Rorya, na kwa kipimo cha Ziwa Victoria hapo ni jirani kabisa. Sauti anayomtolea yule pacha, iliyokwaruza kama mtu aliyekabwa koo, ilinikosesha usingizi kuliko mjusi yeyote wa Spielberg.

Kinachoniweka kwenye filamu hiyo ni kile kilichoko chini ya viwanja. Kuna mahandaki, na ndani yake wanaishi watu walioumbwa kuwa nakala za wale wa juu, waliofungwa kuwaigiza bila hiari. Wa juu akila chakula cha moto, wa chini anakula sungura mbichi. Na kuna kipande ambacho Peele amekipiga kwa ukatili mkubwa: juu, watu wanapanda bembea, wanapiga kelele za raha, upepo wa bahari unawapiga usoni, chini, nakala zao zimebanana kwenye korido zikiyumba kushoto na kulia, midomo wazi, zinapanda bembea ambayo haipo. Hofu yote ya mchezo wanaipata. Raha hawapati, na kushuka hawashuki.

Katika filamu zote nilizozitaja, hiyo ndiyo pekee iliyouliza nani yuko upande wa pili wa burudani, ikamfanya aseme, ikampa na mkasi. Mtu wa kawaida wa Marekani huenda alitoka ukumbini akijiuliza kuhusu nafsi yake iliyofichika. Haki yake. Mimi nilitoka nikiwaza kuhusu mtu aliye juu ya dungu usiku wa manane, anayeigiza safari ya Serengeti kwa tochi na madebe, wakati kilomita chache kutoka hapo mgeni amelala kwenye hema lenye bafu la maji moto, akisubiri alfajiri aonyeshwe tembo walewale, wameshiba.

Ningekuwa na fedha ningetengeneza filamu inayoanzia pale Spielberg alipokata. Kreti limefungwa, damu imeoshwa kwa mpira wa maji, mtu wa ofisini anatafuta namba ya simu ya nyumbani kwa kina Juma. Nani anapokea? Mshahara wa mwezi uliopita unajumlishwa au unasahaulika? Mwanasheria wa familia aliyefungua kesi ya milioni 20 alipatikanaje, na amekubaliana na mama mtu achukue asilimia ngapi? Ningeihamishia huku kwetu kabisa. Mama mtu ameketi kwenye benchi la ofisi ya mtendaji wa kijiji, ndani ya mfuko wa rambo ana picha za nyayo zilizopigwa kwa simu ya jirani, fomu ina nafasi ya kuandika aina ya mnyama na nafasi ya kuandika umbali kutoka mpakani, na mtendaji anamwambia, mama, afisa wanyamapori wa wilaya amekwenda Mugumu kwenye kikao, njoo Jumatatu. Huyo mama ndiye steringi. Asife.

Haihitaji kompyuta za Hollywood. Mugumu wapo vijana wanaopiga video za harusi kwa kamera nzuri tu, na kuigiza Wamara hatujambo, tuna sauti. Kibali cha kupiga picha ndani ya hifadhi hatutakihitaji pia, wala ada yake. Tukipanga kuanza mwezi ambao mahindi yanakomaa, tembo watakuja wenyewe.